Penzi la siku 19, majonzi ya miezi mitano

Wiki hii sina fumanizi. Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnatafuta nani kamkuta nani chumbani na nani karuka dirisha na shuka kiunoni, na mhariri naye hupenda hivyo hivyo maana ndo habari inayouza. Leo mnivumilie. Nina habari ya penzi ambalo halina fumanizi, halina mwizi, halina mke mwenza wala talaka, na juu ya hayo yote lilidumu siku 19 tu. Ukilipima kwa kalenda halifiki hata mshahara mmoja.

Utaniuliza, siku 19 ndo za kuandikia gazetini? Swali hilo hilo niliulizwa na kila niliyemweleza. Shoga yangu mmoja alisema, "Siku 19! Bibie, hata mafua mengine yanazidi hapo." Akacheka, na mie nikacheka naye, nikaenda chooni nikafungua bomba la maji lipige kelele, nikalia mpaka shingo ikauma. Kwa hiyo hilo la siku ngapi ndo nataka tulizungumze, maana lilinikondesha kuliko penzi lenyewe.

Ilikuwa Juni mwaka 2023. Mie nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi hapa Tanga mjini. Tunatoa kopi, tunachapa barua za kuombea kazi, tunatia vyeti kwenye plastiki. Makala hizi naandika usiku, na malipo yake, nisiseme mengi, hayajamtajirisha mtu. Tanga siku hizo wageni walikuwa hawaishi. Bomba la mafuta linalotoka Hoima kule Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani hapa kwetu, na tangu habari zake zianze kila mwenye nyumba kuukuu mjini alikuwa anaita mafundi aikarabati apangishe. Katika mafundi hao alikuwamo mmoja wa umeme kutoka Mwanza. Jina lake silitaji, tumwite Fundi. Alikuja na mkataba wa wiki tatu kwenye jumba lililotazamana na duka letu.

Alikuwa anakuja kutoa kopi za michoro yake. Siku ya kwanza kopi moja, siku ya pili kopi moja ile ile, siku ya tatu nikamwambia, "Kaka, huu mchoro si ulishatoa jana?" Akasema, "Dada, ulilowa." Kiangazi kile! Akaona aibu mwenyewe, akaniuliza eti hapa kwenu chai mnakunywa na nini, maana anaona watu asubuhi wanabeba vibakuli. Nikampeleka akale maandazi na mbaazi za nazi. Alikuwa hajawahi kuona mtu anakula mbaazi asubuhi. Alikula sahani mbili, akanyamaza, akasema, "Kumbe."

Zile siku sitazieleza zote, nyingine ni zetu. Jioni tulikuwa tunakwenda Raskazone kutazama watu wanaoga. Jumapili moja tulipanda bodaboda mpaka Mapango ya Amboni, ni kama kilomita nane tu kutoka mjini, na mie mzaliwa wa hapa nilikuwa sijaingia tangu safari ya shule. Mwongozaji alitutangulia na tochi, anatuonyesha mawe yanayofanana na meli, na sofa, na mamba. Kuna mahali mle ndani watu huacha vitu vyao vya matambiko, wanaomba mtoto, wanaomba mali. Fundi alisimama pale muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ungeomba nini?" Nikamwambia. Nilichomwambia sikichapishi, lakini mjue nilimwambia ukweli.

Mkataba ulipokwisha nilimsindikiza stendi ya Kange alfajiri, siku mbili kabla ya Idd kubwa. Sikulia. Kwa nini nilie? Tulikuwa na mipango. Wiki mbili tulipiga simu kila usiku, mpaka ile ya tatu akaniambia kitu ambacho hata leo nakiona cha kiungwana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Alisema, "Nisikilize. Mimi sitaki kukuweka. Kazi ya Tanga imeisha na sioni lini nitarudi huko. Ukipata mtu wa hapo hapo, usimkatae kwa sababu yangu."

Mie nikajibu, "Sawa, asante kwa kuniambia."

Asante! Mtu ananivunja vipande vipande na mie namshukuru kama nimepewa chenji.

Sasa msomaji ambaye hujafika Tanga, inabidi ujue aibu yangu ilikuwa na tabaka la pili. Huu mji watu huuita waja leo waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake, lakini inayopendwa zaidi ni ile ya kejeli, kwamba mgeni anasema nimekuja leo na leo leo naondoka, kumbe ndo keshafika, kwao hawamwoni tena. Nchi nzima inaamini mwanamume akiingia Tanga, akapikiwa vya nazi, akafukiziwa udi, akaambiwa "pole kwa kazi" kwa sauti ile ya kwetu, basi mamaye huko bara amsahau. Na wengi wamebaki kweli, wapo, wamezeeka hapa Ngamiani na lafudhi zao za bara zimebaki kwenye herufi moja moja. Halafu mie, mtoto wa Barabara ya 12, mjukuu wa kungwi, mgeni wangu kaja, kakaa siku 19, kapanda basi kaenda zake. Jirani mmoja aliposikia alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa kama anatafuta kasoro ya kiwandani. Mwingine akanishauri iliki, mdalasini na mambo mengine ambayo mhariri angeyakata. Dawa ya kumvuta mtu aliye Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000! Hiyo iliki ingekwenda kwa posta?

Na kila mtu alitaka nimtukane. Ndo faraja tunayoijua, kwamba aliyeachwa aambiwe aliyemwacha ni mshenzi. Shoga zangu walianza upelelezi, wakaniambia lazima ana mke, hawa mafundi wote wana wake. Msomaji, ningefurahi angekuwa na mke! Ningejua pa kushika. Walichimba wiki nzima kwenye simu zao wakarudi mikono mitupu. Hana mke, hana watoto wa kificho, hajanikopa hela, tena alininunulia vocha. Yule aliyenicheka kwa habari ya mafua alivunjika moyo kabisa, kama mtu aliyenunua gazeti akakuta kurasa za katikati hazimo.

Nikajaribu taarab. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotamba tangu miaka ya 1960, mji uliomtoa kimuziki Bi Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, Mungu amrehemu. Nikasema mahali kama hapa sitakosa wimbo wa hali yangu. Nikalala na spika ya simu sikioni usiku kadhaa. Wapi! Nyingi nilizozisikia zina mtu wa kulaumiwa. Kuna aliyeiba, kuna aliyesaliti, kuna jirani mwenye husuda, kuna mshindani wa kupigwa kijembe. Mie kijembe changu nimpige nani? Niupige mkataba wa wiki tatu?

Ndo nikaanza kuelewa kwamba watu wetu wanajua sana kuomboleza, ila kuna vitu havimo kwenye orodha. Angalia tulivyojipanga. Mtu akifa kuna matanga, kuna hitima, kuna arobaini, kuna watu wa kukuletea sufuria la wali hata kama hamsemeshani. Mke aliyefiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, hakuna wa kumuuliza mbona hutoki. Aliyeachwa kwa talaka naye ana eda yake. Hata mchumba aliyevunjiwa posa, wazee wanakaa, mahari inarudishwa, watu wanasema pole. Sasa wewe wa siku 19, nani atakuletea wali? Huna pete, huna barua ya posa, hata picha mliyopiga pamoja ni moja na yeye kafumba macho. Ukitaka ruhusa kazini utasema umefiwa na nani?

Usiku mmoja nikiwa sina usingizi nikaingia kwenye simu kutafuta kama kuna binadamu mwingine aliyewahi kuwa mjinga kama mie. Nikakuta kumbe lipo jina. Mmarekani anayeitwa Kenneth Doka, mtaalamu wa mambo ya msiba, alitoa kitabu mwaka 1989 juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui. Kwa Kiswahili changu nayaita majonzi yasiyo na kibali. Anasema kuna watu wamepoteza kitu kweli, lakini waliowazunguka hawaoni kama wana haki ya kulia. Kama hawara anayefiwa na mume wa mtu, kama aliyeharibikiwa na mimba, hata aliyefiwa na mbwa. Nilisoma mpaka betri ikaisha. Kumaliza machozi hakukumaliza, lakini nililala nikijua silii bila leseni peke yangu.

Ngoja nieleze kitu ambacho nilichukua miezi kukijua. Ninyi mnaoniuliza siku 19 zina nini cha kulilia, mnahesabu kitu sicho. Mie sikuwa nalilia zile 19. Zile nilizipata, nilizila, zimo tumboni. Nilikuwa nalilia siku ya 20 na kuendelea. Tulikubaliana Septemba anakuja kunichukua nikaone ziwa. Nilikuwa nimeshauliza nauli. Nilikuwa nimeshajua basi linakopita, Dodoma, Singida, Shinyanga. Nilikuwa nimeshaona Jiwe la Bismarck kwenye picha mara mia na nimeshachagua gauni la kupigia picha hapo mbele yake. Nilikuwa nimeshajua bei ya sato. Kwa maneno mengine nilikuwa nimeshakaa Mwanza miezi mingi ambayo sikwenda, na aliposema "sioni lini nitarudi" nilihamishwa kutoka nyumba ambayo hakuna aliyejua naishi humo.

Kingine ni hiki. Mama aliyeishi na mume miaka 30 akifiwa, analia, lakini ana vitu vya kumsaidia. Anakumbuka jamaa alivyokuwa anakoroma, alivyokuwa anaficha hela ya sukari, alivyomtukana siku ya harusi ya mdogo wake. Anamlilia mtu. Mie Fundi hakuwahi kunikasirisha. Hakupata muda! Siku 19 mtu bado anakunyooshea kiti, bado anacheka utani wako hata usiochekesha, bado anaoga kabla ya kukuona. Unaachiwa mtu asiye na doa hata moja la kumchukia, na wewe umekaa unamlinganisha na kila mwanamume anayeingia dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Hakuna atakayeshinda. Hata Fundi mwenyewe angerudi asingemshinda yule Fundi.

Picha yake ya simu ilikuwa amesimama kando ya boksi la mita, kofia ngumu kichwani, anacheka upande. Hakunifungia, kwa hiyo nikawa naitazama. Asubuhi kabla ya kunawa, mchana mashine ikiwa inapoa, usiku. Mwaka 2010 kule Marekani mama mmoja mtafiti, Helen Fisher, na wenzake waliwaingiza vijana 15 walioachwa na wapenzi wao kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, wakawaonyesha sura za hao waliowaacha. Sehemu zilizowaka ni zile zinazohusika na hamu na zawadi, hizo hizo zinazoguswa kwa mtu mwenye uteja wa kokeini. Nilipoisoma hiyo nikafuta namba. Baada ya dakika nne nikaiandika tena, maana naijua kwa kichwa. Mteja ni mteja.

Na mwili nao unaumwa, msidanganyike. Mbaazi zilinishinda kabisa, nikisikia harufu ya nazi asubuhi tumbo linafunga. Kifua kilikuwa kinabana mpaka nikawa na wasiwasi. Wajapani wana ugonjwa wa moyo walioueleza mwaka 1990, unaoweza kumpata mtu akishtuliwa na msiba au jambo zito. Sehemu ya moyo inalegea na kuvimba mpaka unafanana na mtungi wanaotegea pweza kwao, na jina la ugonjwa ni la huo mtungi, takotsubo. Mtungi wa pweza! Nikawaza, hili ndo la kwetu sasa. Lakini nikasoma mbele nikaona wengi wanaopatwa ni akina mama waliokwisha pita umri wa kuzaa, na wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Mie nilikuwa na miaka 24. Nikaona hata ugonjwa wenyewe umeninyima kibali.

Msifikiri ni sisi wanawake tu. Kijana anayetuletea karatasi dukani aliniona siku moja nimevimba macho, akaketi juu ya boksi lake, akanieleza ya kwake bila kuulizwa. Alikutana na msichana msibani Muheza. Siku nne. Walikuwa wanachota maji pamoja, wanaosha masufuria, usiku wanakaa kwenye mkeka mmoja na watu wengine ishirini. Msiba ukaisha, kila mtu akapanda gari lake. Alipowasimulia wenzake kijiweni waliuliza swali moja tu, "Ulipata au hukupata?" Akasema hukupata. Wakasema basi hakuna habari hapo, wakaendelea na mpira. Kijana huyu anabeba mabunda ya karatasi mabegani siku nzima, na alipofika kwenye "wakaendelea na mpira" sauti ilimkatika. Nikampa soda ya bosi.

Mwezi wa Agosti ndipo mama mkubwa aliponikamata. Naishi kwake tangu nimalize kidato cha nne. Ni mtu wa miaka 70 na ushee, mjane, hana maneno mengi. Jioni moja alinikuta barazani nimekaa miguu imenyooka mbele, kanga kichwani. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kafa?"

Nikasema, "Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi mbona umekaa kifiwa?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Nikamweleza yote, na nilitegemea kibao au mawaidha. Aliuliza kama wengine wote, "Siku ngapi?" Nikamwambia kumi na tisa. Akatazama barabarani kitambo, akasema, "Mimi zilikuwa sita."

Msomaji, nilishusha kanga kichwani.

Ilikuwa mwaka 1971, mama mkubwa kigori anayeuza maandazi ya mama yake pwani. Likaja jahazi limevunjika mlingoti, likakaa siku sita linatengenezwa. Kijana mmoja wa Lamu alikuwa ndani yake. Asubuhi ananunua maandazi mawili, anakula moja, moja anamrudishia yeye amle naye. Maongezi tu. Anasema hata mkono hakumshika, na mimi namwamini. Siku ya saba alfajiri alikwenda na beseni lake, jahazi halipo. Mwaka 1973 akaolewa na baba mkubwa, watoto saba, nyumba, heshima, kila kitu. Baba mkubwa alipofariki mwaka 2009 akakaa eda yake kamili, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, ndani.

"Eda ile," akaniambia, "nilikaa ya watu wawili. Ya baba yenu watu wote waliiona. Ya yule aliijua Mungu."

Nikamuuliza kwa woga, "Kwa hiyo baba hukumpenda?"

Akanitazama kama nimemtusi. "Nilimpenda sana. Ndo maana nilingoja mpaka nikae yake, nikaweka na ile. Kabla ya hapo ningekaa wapi? Nani angenipa nafasi?"

Miaka 38 amebeba siku sita. Nilimuuliza kama naweza kuyaandika haya, akasema andika, mama yangu kafa, baba yenu kafa, na yule bila shaka naye kafa au hana meno. Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia anacheka vile, kicheko cha msichana.

Kesho yake akawatangazia watu wa nyumbani kwamba kwa siku tatu nisitumwe sokoni wala dukani, ana shughuli na mie. Hakusema shughuli gani. Kila nikirudi kazini nakuta uji wa pilipili manga umefunikwa, naye ameketi kwenye mkeka na tasbihi yake, hasemi kitu, nami nakaa pembeni yake mpaka usingizi uje. Siku ya tatu akapika wali akagawa kwa watoto wa jirani. Walipouliza wa nini akawaambia kuleni. Najua alikuwa anafanya nini, na yeye anajua najua, na hatujawahi kulizungumza.

Ilinisaidia? Kiasi. Nisiwadanganye kwamba siku ya nne niliamka mzima. Septemba ilipofika, ule mwezi wa kwenda kuona ziwa, nilirudi nyuma vibaya kuliko mwanzo. Gauni nilishalishona, nikalivaa kwenye harusi ya watu Chumbageni na kila aliyenisifia nilitaka kumng'ata. Oktoba nikawa naweza kula mbaazi kama hazina nazi nyingi. Novemba nikahesabu, kumbe nimeshaipita hata eda ya mjane, na bado mlio wa pikipiki ukisimama nje ya duka nainua kichwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu akiniuliza ni siku ngapi, nilikuwa namjibu 19 bila kuinamisha uso. Aliyetaka kucheka acheke. Yule shoga yangu wa mafua aliacha kucheka mwenyewe, halafu siku moja akanivuta pembeni akaniambia na yeye anayo ya wiki mbili, ya mwaka 2019, mume wake asijue. Sasa ananitafuta mie kila akiikumbuka. Nimegeuka kungwi wa penzi fupi.

Desemba, zile mvua za El Nino zilizofanya vuli ya mwaka 2023 iwe balaa, maji yamejaa mbele ya duka na mie nimepandisha mabunda ya karatasi juu ya meza, simu ikalia mlio wa ujumbe. Namba ninayoijua kwa kichwa. "Mambo. Tanga kwema?"

Niliusoma mara moja. Nilijisikiliza kifua, kama mtu anayebonyeza jino lililong'olewa kuona kama bado linauma. Palikuwa na kitu, lakini kidogo, tena kwa mbali. Nikajibu, "Kwema. Mvua zimetukalia vibaya." Akasema, "Hata huku." Nikasubiri kidogo kuona kama ataongeza neno. Hakuongeza, na mie sikuongeza. Kulikuwa na mzee mlangoni amekunja suruali mpaka magotini, anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa, pande zote mbili, na anauliza kama umeme upo.